Kishikio cha Jilala

Mgodi ule wa dhahabu, njia ya kutoka Geita kwenda Nkome, ulipata kompyuta mwaka themanini na sita. Iliwekwa chumba cha taa, na Mwaisha binti Salehe, mtu wa Kambarage mjini Shinyanga, ndiye aliyekuwa akiiandikia maagizo. Agizo kubwa lilikuwa la jioni: ikiwa taa zote za wachimbaji zimerudi kwenye vishikio, basi piga king'ora, zamu imekwisha, la sivyo, subiri kidogo, kisha uliza tena. Kila kishikio kilikuwa na waya wake. Mchimbaji akitundika taa, mashine inajua, naye huyoo, kwake.

Alhamisi moja duara la chini, shimo la kuchimbia dhahabu, likabomoka. Magogo yaliyoegemeza dari yake yalikuwa makuukuu, yameng'olewa duara jingine kwa amri ya msimamizi, bwana Gregory. Watu walitoka wakikohoa vumbi, wakatundika taa zao. Ya mchimbaji mmoja, Jilala, haikurudi. Mashine iliuliza, ikakuta kishikio kitupu, ikasubiri, ikauliza tena. King'ora hakikulia. Na kwa kuwa zamu haijaisha, jua nalo likabaki pale pale juu ya mlima, limebakiza kidogo tu lizame.

Mkewe Jilala, Zipora, alikuwa langoni na bakuli la ugali lililofunikwa. Jilala alikuwa amemwambia atarudi kabla jua halijazama.

"Basi hajachelewa," aliwaambia walinzi, akakaa vizuri.

Kutoka chini ya ardhi jiwe lilisikika likigonga jiwe, polepole, bila kukoma. Watu waliopita hapo walipunguza sauti.

Jioni ile ikaendelea. Kuku walichoka kungoja giza, wakapanda kulala hivyo hivyo. Watu waliendelea kusalimiana "mwadila", salamu ya jioni, mpaka midomo ikachoka nayo. Ndipo Mageni, mchuuzi wa dagaa, akaja kwa baiskeli kutoka Nkome.

"Binti yangu, tuletee usiku wetu," alimwambia Mwaisha kwenye dirisha la chumba cha taa. "Dagaa hafuatwi kwa karabai juani. Atatucheka."

"Shikamoo, baba. Usiku hauko kwangu. Kuna taa moja haijarudi."

"Marahaba. Si waifuate?"

Mwaisha alikwenda kwa Gregory. Alimkuta amekaa juu ya rundo la magogo mapya, anachokonoa meno.

"Shikamoo, mzee. Mtu yule anagonga."

"Marahaba. Nasikia. Anayegonga ni mzima, na mzima hana haraka."

"Mkimfukua, taa itarudi, na jua litazama lenyewe."

"Kufukua kunataka magogo."

"Na haya uliyokalia?"

"Haya ni ya duara jipya." Gregory akainuka, akajikung'uta suruali. "Mwaisha, wewe umeajiriwa kuandika. Kaandike. Hutaki, kesho nakutafutia lori la kukurudisha kwenu."

"Kesho ipi, mzee?"

Gregory akatangulia. Walirudi pamoja chumba cha taa. Mwaisha alikaa mbele ya mashine muda mrefu, jiwe likigonga jiwe chini ya kiti chake. Nyumbani Kambarage kulikuwa na mama mgonjwa na wadogo zake, wote wakimtazama yeye. Akaandika: ikiwa taa zote zimerudi, au msimamizi amesema zimerudi, basi piga king'ora.

"Tayari," alisema. "Ila sasa useme mwenyewe. Mimi sisemi."

Gregory alitazama kishikio kitupu.

"Zimerudi," alisema.

King'ora kikalia. Jua likaanguka nyuma ya mlima kama ndoo iliyokatika kamba, na kule chini kugonga kukakoma. Upande wa Nkome karabai zikaanza kuwaka ziwani, moja moja.

Langoni Zipora alifunua bakuli. Ugali ulikuwa ungali wa moto.

"Sasa amechelewa," alisema.

Ile "au" haikufutwa kwenye agizo. Maduara mengine yalibomoka baadaye, na king'ora kililia kwa wakati wake. Ila mgodini pale, kila jioni, kikishalia, jua husita kidogo juu ya mlima kama linalosikiliza, ndipo lizame. Wachimbaji wamezoea. Ndio wakati wa kunawa mikono.