Nyuzi Nne za Marcella

Emil Vondracek alikuwa mpima uzito wa malori ya nafaka kwenye maghala ya mahindi nje ya mji wa Cedar Rapids, na tangu mkewe afariki alimlea peke yake binti yao Marcella, wa miaka kumi na miwili. Mwezi wa tisa, picha ya eksirei ilionyesha kwamba uti wa mgongo wa Marcella umepinda kwa pembe ya nyuzi ishirini na saba. Daktari alieleza kwamba mtoto yuko kwenye umri wa kurefuka haraka, na jinsi anavyorefuka ndivyo mgongo unavyoweza kupinda zaidi. Akaagiza koti gumu la plastiki, la kumbana kutoka kwapani hadi nyonga, alivae karibu saa zote. Likichelewa, alisema, tutaanza kuzungumzia upasuaji.

Wiki tatu baadaye ikaja barua ya bima: ombi limekataliwa, kifaa hicho hakimo kwenye mafao.

Tangu siku hiyo Emil hakula akashiba. Marcella akiosha vyombo, yeye humkodolea macho mabegani, kuona kama lile la kulia limepanda tena.

"Baba, usiniangalie hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Kama lori lililozidisha uzito."

Emil alicheka kidogo, kisha akarudi kuangalia.

Alipiga simu bima mara tatu, na kila aliyepokea alimwambia akate rufaa. Ndipo akakitoa kijitabu cha bima, ambacho hakuwahi kukifungua, akakisoma Jumapili nzima. Ukurasa wa sitini na moja ulisema wazi kwamba kifaa kilichotengenezwa kwa vipimo vya mgonjwa mwenye uti wa mgongo uliopinda kinalipiwa. Kesho yake akapiga tena, akiwa tayari kwa ugomvi. Akampata mwanamke aitwaye Yolanda, aliyemsikiliza hadi mwisho.

"Bwana Vondracek," akasema, "ile karatasi ya daktari umeisoma mwenyewe?"

Hakuwa ameisoma. Ilitumwa moja kwa moja kutoka kliniki.

"Mimi ninayo hapa. Imeandikwa mkanda wa mgongo, kwa maumivu. Basi. Hakuna nyuzi, hakuna umri, hakuna neno kupinda. Kwetu sisi huo ni mkanda wa dukani."

Marcella hakuwahi kulalamika maumivu hata siku moja.

Emil aliomba ruhusa kazini, akamchukua binti yake, wakaenda kliniki. Wakaambiwa wasubiri hadi wiki ijayo. Akajibu kwa upole kwamba watasubiri pale pale, wakakaa. Baada ya saa mbili muuguzi alifungua kompyuta akakuta kosa: kwenye orodha ya vifaa, karani alikuwa amechagua mstari wa mkanda badala ya ule wa koti. Daktari akakubali kuandika upya, ila bima ingetaka picha ya karibuni. Wakapiga nyingine.

Thelathini na moja.

Emil alishika ukingo wa meza. Alikuwa ameilaani bima mwezi mzima, kumbe nyuzi nne zilikuwa zimeongezeka kwa sababu ya karatasi ambayo hakuomba kuiona.

Ndani ya gari Marcella akasema, "Barua ilipokuja nilifurahi. Niliomba Mungu wakatae tena."

Emil akasogeza gari kando ya barabara, akasimama. Hakumgombeza.

"Na sasa?"

"Bado silitaki. Lakini upasuaji ndio siutaki kabisa."

Kibali kilitoka siku ya tisa. Fundi alimpima, akalichonga koti, akawaonya kwamba nyuzi zile nne zilizoongezeka huenda zisipungue tena. Kazi sasa ni kuzuia nyingine. Asubuhi ya kwanza ya kwenda nalo shuleni Marcella alishindwa kuinama. Baba yake akapiga magoti, akamfunga kamba za viatu.

"Umekaza sana," akasema Marcella. "Fungua, uanze upya."

Akafungua, akaanza upya.