Zahanati Iliyomridhisha Kila Mtu

Katika ufalme wa Kiboko kila kitu kilikuwa bora, maana kulikuwa na Waziri wa Ubora. Naye ni Tausi, mwenye manyoya mengi na kazi chache. Zahanati ya ufalme aliikuta na mganga mmoja tu, Mama Nungunungu, bingwa wa sumu ya nyoka, mkali wa ulimi, asiyejua kutabasamu. Tausi aliona aibu: wagonjwa wanapona, lakini hakuna karatasi inayosema wamefurahi!

Basi akaleta fomu.

"Kila mgonjwa atie sahihi kwamba ameridhika," aliliambia baraza. "Tena atie kabla ya kutibiwa. Akishapona huwa na haraka ya kwenda kwake."

"Na wanaokufa?" aliuliza Nungunungu.

"Hao hawajawahi kulalamika."

Baraza likapiga makofi. Nungunungu akasonya mbele ya Mfalme, na kwa utovu huo wa adabu akahamishiwa mpakani, mwendo wa siku tatu, akawafundishe punda adabu za mapokezi. Kiti chake wakapewa njiwa wawili wenye sauti tamu.

Kesho yake alfajiri Paa aliwahi kuliko wote, mwanawe kaumwa na nyoka, swila.

"Karibu sana, mpendwa mteja!" wakaimba njiwa.

"Jamani, mtoto anatoka povu!"

"Pole, mama. Sahihi hapa."

Akatia. Akaonyeshwa benchi, jipya kabisa, limepakwa rangi ya buluu. Mtoto akakata roho hapo kabla ya adhuhuri. Fomu ikapelekwa barazani pamoja na nyingine: walioridhika, wote. Mfalme akamvisha Tausi nishani, na wallahi ilimpendeza.

Wiki haikuisha, swila akamgonga Mfalme mwenyewe. Walinzi walimburuta hadi zahanati wakihema. Benchini alikuwa Paa, ambaye kila alfajiri alirudi kukaa pale, na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Tausi akatoa fomu. Mfalme akaigonga muhuri kwa hasira.

"Haya, nimeridhika! Mganga yuko wapi?"

Njiwa wakatazamana.

"Karibu sana, mpendwa mteja," mmoja akanong'ona.

Paa akainuka, akalipangusa benchi kwa kwato yake.

"Kaa hapa, Mtukufu," alisema. "Mwanangu naye alikuwa wa kwanza kwenye foleni."