Penalti ya Uongo

Refa alipuliza filimbi ya kuanzisha mpira, na wanawake wote uwanjani, timu mbili nzima, wakasimama wima na kuweka mikono kichwani.

Loo! Hata watazamaji. Mkewe Refa, aliyekuwa amekaa benchini na chupa ya chai mapajani, aliinuka na mikono kichwani, chupa ikabingirika mpaka kwenye mstari wa chokaa. Hakuna aliyekusudia. Ila tangu itangazwe hali ya hatari, filimbi ilikuwa na maana moja tu mjini: simama ulipo, mikono kichwani, mpaka wanajeshi wamalize kukukagua. Ilipulizwa sokoni, ilipulizwa kituo cha mabasi, ilipulizwa hata kwenye wodi ya wazazi. Walisema hali hiyo ni ya muda. Muda ukaongezwa, ukaongezwa tena, na watu wakaacha kuuliza.

"Jamani, ni mimi!" alisema Refa. "Ni mpira huu!"

Wakacheka, wakashusha mikono, wakaoneana haya. Mwanajeshi kijana aliyepangwa langoni, bunduki begani, naye alicheka. "Umewaweza, mzee," alimwambia. "Wanakutii wewe kuliko sisi."

Tusidanganyane, sifa ile ilimnogea. Siku za kazi Refa alikuwa fundi wa miavuli. Siku za mapumziko alichezesha mpira wa akina mama, timu ya soko na timu ya hospitali, na hakuna uamuzi wake uliowahi kupita bila kelele. Ameitwa kipofu, ameambiwa kahongwa soda. Aliyeongoza kwa maneno makali alikuwa dada yake mwenyewe, mkubwa wake, muuza nyanya, nahodha na beki wa timu ya soko. Leo ndiyo ilikuwa mechi ya kwanza tangu uwanja ufunguliwe tena, na Refa kwa furaha yake alikuwa amepiga pasi hata soksi.

Mpira ukachezwa. Akapuliza faulo: mikono kichwani, mpira ukarudishwa alipoonyesha, kimya. Akapuliza kuotea, ambako hata yeye hakuwa na hakika nako: mikono kichwani, kimya. Akampa dada yake onyo, na dada yake, yule asiyeamini hata mizani ya jirani yake sokoni, akasema, "Sawa, refa."

Sawa, refa! Hapo raha ikamwisha. Alimtazama dada yake usoni. Hakuwa amenuna wala kukasirika. Alikuwa ametulia tu, kama mtu anayesubiri kuruhusiwa aondoke. Refa akaingiwa na hofu ya kweli. Wanajeshi huenda wangerudi kambini siku moja. Lakini je, wakiondoka na watu wakabaki hivi hivi?

Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kwa refa mwadilifu ni sawa na kuiba. Muuguzi mmoja aliingia na mpira mbele ya goli la timu ya soko, akajikwaa mwenyewe, akaanguka. Hakukuwa na mtu karibu. Dada mtu alikuwa kule pembeni, ameinama anafunga kamba za viatu. Refa akapuliza, akamnyooshea kidole dada yake, kisha akaonyesha alama ya chokaa.

"Penalti!"

Mikono kichwani. Hatimaye muuguzi aliinuka, akauchukua mpira, akautenga kwenye alama huku akishangaa. Kipa akarudi golini taratibu. Refa akasubiri. Semeni basi, aliwaomba kimoyomoyo. Semeni chochote, hata cha kijinga.

Dada yake akashusha mkono mmoja. Akashusha na wa pili.

"We mtoto," alisema, sauti inatetemeka. Kisha kwa nguvu zaidi: "We mtoto wa mama yangu! Penalti ya nini?"

"Umemwangusha," alisema Refa, akijikaza asicheke.

"Mimi? Nimemwangusha kwa miujiza? Nilikuwa nafunga kiatu! Macho yako umeyaacha wapi leo?"

"Uamuzi ni wangu."

"Uamuzi ni wako na wazimu ni wako!"

Mama wee, ikawa kama bomba limepasuka. Kipa akatoka golini mbio. Wauguzi nao, waliopewa penalti yenyewe, wakaja kusema hawataki vya bure. Watazamaji wakavuka mstari, mkewe mbele. "Baba watoto, leo utapika mwenyewe!" Wakamzingira, wakamsukuma, wote wanasema kwa pamoja, na Refa akawa anarudi kinyumenyume, furaha imemjaa mpaka kooni.

Mwanajeshi akaja mbio kutoka langoni, akapuliza filimbi yake. Mikono ilikuwa juu, naam, lakini yote ilikuwa inamnyooshea Refa vidole. Akapuliza tena, karibu zaidi, mashavu yamevimba.

Dada mtu akageuza shingo, akaiona bunduki. Neno likamkatikia mdomoni, na mkono wake ukaanza kupanda kuelekea kichwani.

Refa akaudaka ukiwa njiani, akaushika vizuri katikati ya viganja vyake.

"Endelea, dada," alimwambia. "Nakusikiliza."