Kikohozi cha Wavinya

Tindikali ilidondoka kutoka kwenye bureti, mrija wa kioo wa kupimia, tone baada ya tone, na Muthoka akaizungusha chupa polepole huku ametega sikio. Wenzake wote katika maabara walikuwa wakitazama rangi. Yeye alikuwa akisubiri kikohozi.

Kikaja. Akafunga bureti, akasoma namba.

Hivyo ndivyo alivyofaulu tangu mwaka wa kwanza. Wavinya alikaa naye meza moja, na maji ya njano katika chupa ya Muthoka yalipoanza kuwa mekundu, ishara ya kuacha kudondosha tindikali, alikohoa mara moja. Macho ya Muthoka hayakuweza kutenganisha njano hiyo na wekundu huo. Nyumbani Matuu alilijua embe lililoiva kwa kulibonyeza na kidole gumba, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Lakini hapa kitivoni, asiyepita mtihani huu wa maabara haendelei na teknolojia ya kemia. Angerudi kwa maembe.

"Wewe wa kikohozi," akasema Daktari Mbithe, mhadhiri aliyesimamia mtihani, "beba vitu vyako. Kaa pale dirishani."

Rodgers akacheka kutoka meza ya nyuma. "Daktari, huyo ni kifua tu. Apewe tangawizi."

"Na wewe, maji yako yamekuwa damu. Mwaga, anza upya." Kisha akamgeukia Muthoka. "Hiyo namba yako ya kwanza naifuta. Rudia."

Wavinya akaondoka bila kumtazama.

Muthoka akaosha chupa, akapima upya. Akaegemeza kiwiko mezani. Akafungua bureti, na maji yakabaki vilevile machoni pake. Huenda yalikuwa yamegeuka. Huenda bado.

Ndipo akahisi joto kwenye kiganja. Alikuwa akilihisi kila mara, kwa kuwa tindikali ikikutana na besi, yale maji ya chupani, chupa hupata joto, ila hakuwahi kujiuliza joto hilo hukoma lini. Sasa akajiuliza. Besi ikiisha, hakuna kinachobaki cha kuleta joto.

Akamwaga tena, akapima upya. Akavuta droo, akatoa kipimajoto, akaivika chupa leso yake ili isipoe upesi. Mililita moja, koroga, soma, andika. Joto likapanda. Mililita nyingine. Likapanda. Wenzake walikuwa wameanza kuosha vyombo. Yeye akaendelea hadi mara moja aliposoma, akasoma tena, na joto halikuwa limesogea.

"Hicho kipimajoto ni cha nini?"

Daktari Mbithe alikuwa nyuma yake.

"Natafuta mahali inaishia, daktari."

"Karatasi ya mtihani imesema utumie nini?"

"Rangi."

Daktari Mbithe akageuka. Kisha akaenda meza ya Rodgers, akarudi na chupa mbili, akaziinua mbele ya mwanga.

"Moja imegeuka. Ni ipi?"

Muthoka akatazama ya kushoto, akatazama ya kulia. Angeweza kubahatisha, na pengine mambo yangeishia hapo. Kule dirishani Wavinya alikuwa ameweka ngumi mdomoni, kifua kimejaa pumzi. Muthoka akatikisa kichwa kidogo. Wavinya akashusha mkono.

"Sijui, daktari. Sijawahi kuona tofauti."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Rodgers akainamia vyombo vyake.

Daktari Mbithe akaziweka chupa chini. Akainama, akasoma kipimajoto, kisha safu ya namba alizoandika Muthoka.

"Hili la kukohoa tutaliongea, wewe na Wavinya, na halitakuwa tamu," akasema. "Hili lingine la kipimajoto lazima niulize idara. Hapa umefika wapi?"

"Joto limesimama. Nikiongeza inafaa lianze kushuka. Nisipoliona likishuka siwezi kusema nimemaliza."

"Saa zimeisha."

"Najua."

Daktari Mbithe akatoa kipande cha utepe mfukoni, akaandika jina la Muthoka, akakibandika kwenye bureti. "Hii isiguswe na mtu. Kesho saa mbili asubuhi uje na karatasi ya grafu, uanze mwanzo mbele yangu. Na usinielewe vibaya, sijakuahidi kitu."

"Ndiyo, daktari."

Muthoka akaimwaga chupa, akaisuuza, akaiinamisha ikauke. Leso ilikuwa bado na joto. Akaikunja, akaiweka ndani ya droo pamoja na kipimajoto, na bureti akaiacha palepale, tindikali ikiwa nusu.