Mpera Uliotoka Kwenye Poti

Nilikuwa nimepiga magoti kichakani, ndoo ndogo imezikwa ardhini mbele yangu, mkononi nina mavi ya mwanangu yaliyofungwa kwenye kitambaa. Mdogo wangu wa kiume alisimama nyuma yangu na panga.

"Dada, stashahada yote ile ndiyo hii?"

"Ziba pua, unisogezee majani."

Kazi yangu ilikuwa kujua nani amerudi. Lile lilikuwa shamba la mama. Aliukata msitu ili sisi tusome. Alipofariki, miti ikaota upya. Kwanza walirudi vyura, kisha ndege wa vichakani, kisha ngedere. Sasa watafiti walioniajiri walitaka kujua kama wamerudi madundu wanaofukia mavi, kwa sababu ndani ya mavi mna mbegu, na mbegu ikifukiwa huota. Chambo bora ni kinyesi cha binadamu. Nyumbani nilikuwa na mtoto mdogo asiyeshiba mapera.

Mdogo wangu alikuwa amepoteza kazi kiwandani, ana watoto wa kulisha. Alitaka kufyeka tulime tena, na bila ridhaa yangu hangeweza. Nilimwomba asubiri mvua ziishe. Nasubiri nini, sikujua. Nikipafikiria kama shamba, nasikia ngedere. Nikipafikiria kama msitu, namwona mama ameinama na jembe.

Asubuhi ndoo ilikuwa imepinduliwa na chambo hakipo. Udongo ulikuwa umechimbuliwa, na dundu mmoja mweusi aling'ang'ana na donge la mavi kubwa kuliko yeye. Amerudi. Sikujua nicheke au nilie.

Mvua zilipokwisha tulikwenda kuamua. Mdogo wangu alifyeka njia mpaka pale pale, akasimama ghafla. Miche mitatu. Akasugua jani, akalinusa.

"Mpera wa mama," alisema. Yeye ndiye aliyeukata, wiki ile ya mazishi, tulipoishiwa kuni. "Umerudi."

Ningeweza kunyamaza. Sijui kunyamaza.

"Si wa mama. Umetoka kwenye poti la mpwa wako."

Alinitazama, akaitazama miche, akautazama mkono wake. Akaupangusa kwenye suruali. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, halafu sikuelewa kama bado anacheka.

"Basi mpwa wangu ameshapanda. Nani atafyeka shamba la mtoto?"

Akalima nusu tu, upande wa barabarani. Mkuu wangu wa kazi aliponiuliza ni mnyama gani aliyeleta mbegu zile, nilimwambia ukweli, naye hakujua amweke mwanangu kundi gani. Hata mimi sijui.

Juzi binti yangu, ambaye sasa amenipita kimo, aliingia jikoni amefura.

"Mama, ngedere wamemaliza mapera yangu yote!"

"Wamekwenda wapi?"

"Shambani kwa mjomba, matumbo yamejaa."

Nikaendelea kumenya vitunguu.