Nyumba ya Pesa za Ermes

Wivu ninao, sikatai. Mimi Gervasio, fundi wa kupiga lipu, miaka hamsini na nane, namwonea wivu marehemu. Ermes alikuwa fundi saa hapa Cividale, mji mdogo wa Italia. Alimchumbia Nives kabla yangu, Nives akanichagua mimi, naye hakuoa maisha yake yote. Basi si angekufa kimya kama watu wengine? Akamwachia mke wangu pesa kwenye wosia.

Mwaka huo mwenye nyumba alitaka tuwe tumetoka ifikapo Mtakatifu Martino, Novemba kumi na moja, siku ambayo huku kila anayehama ndipo anapohama. Nives akapata nyumba ndogo kando ya mto: nusu ya bei pesa za Ermes, nusu mkopo wa benki kwa jina lake, kwa rehani ya nyumba hiyohiyo. Kwa sheria yetu anachonunua mke nusu ni ya mume, isipokuwa mume aende mwenyewe kwa notari, mwanasheria wa kuthibitisha hati, akatamke kwamba pesa ni za mkewe peke yake.

"Utakuja useme?" Nives aliniuliza huku anakoroga polenta, ugali wetu.

"Niseme Ermes kaninunulia paa?"

"Useme ukweli, mzee. Unagombana na kaburi."

"Kaburi lenye pesa."

Akacheka. Mimi sikucheka, lakini siku ilipofika nikaenda.

Notari alikuwa mama mmoja wa sauti kavu, Bi Zanutto. Aliisoma hati ya mauzo yote kwa sauti, maana isiposomwa mbele ya wahusika haina nguvu. Muuzaji, mnunuzi, mipaka, nani alimuuzia nani tangu enzi za mababu. Afisa wa benki alikaa pembeni akisubiri zamu ya hati ya rehani. Jina la Ermes lilisomwa mara tatu. Nilihesabu.

"Bwana Gervasio, unathibitisha kuwa pesa ni za mkeo, urithi huo na mkopo wake?"

"Nathibitisha. Andika na kwamba lira yangu hata moja haimo. Hiyo ni nyumba ya Ermes."

"Hilo halihitajiki," alisema, akaendelea kusoma. "Mnunuzi anampa mumewe, Gervasio, haki ya kuishi katika nyumba hii hadi mwisho wa maisha yake, hata kama mnunuzi atatangulia kufa."

Sikuwa nimeambiwa. Nives alikuwa anatazama mikono yake. Mtu mwenye akili angenyamaza pale. Mimi nilimwona Ermes kichwani mwangu, kasimama mlangoni mwa nyumba ile ananikaribisha kwake.

"Futa hicho," nikasema.

"Gervasio," Nives akaniita.

"Afute. Silali kwa hisani ya fundi saa."

Notari akavua miwani. "Haki hii anakupa mkeo, si marehemu. Tukiifuta, hairudi bila hati nyingine na sahihi yake tena. Umenielewa?"

"Nimeelewa sana."

Akamgeukia Nives. "Kama hataki, futa tu," Nives akasema.

Yule wa benki alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Notari akapitisha mstari mwembamba, maneno yabaki yanasomeka, maana hati haifichi kilichofutwa. Akayahesabu, akaandika pembeni: maneno ishirini yamefutwa. Akatusomea tena, tukatia sahihi, kisha ikaja hati ya rehani, nayo akasaini Nives peke yake.

Tukiwa kwenye ngazi akaniambia, "Benki hawakukitaka kifungu kile; nyumba yenye mtu asiyeweza kutolewa haiuziki. Niliwabembeleza wiki tatu."

"Ungeniambia."

"Ungekataa. Nilidhani mbele ya watu utaona aibu kukataa." Alijifunga kilemba vizuri. "Miaka thelathini na miwili niko na wewe, na bado unaniuliza kuhusu Ermes."

Siku ya Mtakatifu Martino lori lilipakia vitu vyetu vyote. Tulipofika mtoni wakashusha kitanda, meza, masanduku yake. Nikabaki nimekaa mbele, ndoo yangu ya lipu kati ya miguu.

"Na wewe unashukia wapi, baba?" dereva akaniuliza.

Nives alikuwa mlangoni, ametusikia. Hakuingia ndani. Alisimama ananitazama, akinisubiri nijibu, na nilijua anachokisubiri.

Nikamtajia dereva mtaa wa dada yangu.