Antena Isiyotoboa Gari

Mkwe alihamia ukweni kwa siku chache tu, mpaka apate kazi nyingine. Lakini siku chache za ukweni huwa na mkia mrefu. Kampuni ya ulinzi alikokuwa fundi wa redio ilifungwa, mkewe akasema twende kwa mama, na sasa mke ni mjamzito wa miezi ya mwisho na bado wako palepale. Chumba chao kilipakana na cha mama, na ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mtu akikohoa, "pole" inatoka upande wa pili. Yeye fundi mzima amegeuka dereva wa masufuria.

Mama mkwe aliwapikia wachimba mawe walioko ng'ambo ya kilima. Kila asubuhi Mkwe alipakia vyakula kwenye gari la marehemu baba mkwe, na kabla hajafika hata barabarani, simu inalia. Umefika wapi? Mbona kimya? Punguza mwendo, mchuzi utamwagika. Ukirudi pita kwa muuza mkaa. Mama yule alijaliwa mdomo usiojua likizo.

Kilima kilikuwa na huruma, lakini. Gari likishuka upande wa pili, mtandao unakatika. Hapo Mkwe alishusha kioo, akafungua kifungo cha juu cha shati, akapumua. Mpaka wachimbaji wale washibe na masufuria yawe matupu, hapakuwa na wa kumwita. Huo muda mfupi ndio uliokuwa mali yake yote duniani.

Siku moja mama mkwe akaingia na redio mbili kuukuu, zile za kubonyeza na kuongea.

"Mkwe wangu, si ulisema hizi hupita hata simu isipopita?"

"Zinapita, mama."

Ulimi uliponza kichwa. Alikuwa amejisifu mwenyewe mara tu alipohamia, ili naye aonekane mtu.

"Basi nifungie moja kwenye gari. Ila tundu sitaki. Gari la marehemu halitobolewi. Siku nikiamua kuitoa, pasijulikane kama kulikuwa na kitu."

Kufunga antena bila kutoboa hakukumtoa jasho. Ya sumaku aliikataa, maana barabara ya machimbo ingeiangusha, na vumbi likiingia chini yake linakwaruza rangi. Akachukua kibano cha chuma, akakivisha kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, akapitisha waya chini ya mpira wa mlango na kuufukia kwenye zulia hadi mbele. Zikabaki skrubu mbili ndogo za kibano. Hizo hutakiwa zipenye rangi kwa ndani, pasipoonekana, zikaume chuma, kwa sababu antena ya namna ile huazima nguvu kwenye bati la gari. Isipogusa bati, ya karibu itayasikia, lakini kwa ya mbali itakuwa kiziwi.

Mkwe aliyajua haya vizuri sana. Na kwa kuwa aliyajua, akakata utepe wa kuzuia umeme, akaubandika chini ya skrubu, kisha akazikaza kwa bidii kama fundi mwaminifu.

"Unanisikia?" mama mkwe akajaribu kutoka sebuleni.

"Nakusikia, mama!" Hata bila redio angemsikia.

Mchana mkewe akaja uani, mkono kiunoni, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Inafika mpaka machimboni?"

"Tutaona."

"Mimi ndiye niliyembembeleza mama azinunue," mke akasema. "Uchungu hausubiri masufuria, mume wangu. Nikishikwa na wewe uko kule, nani atanipeleka? Hapa hakuna mwingine anayejua kuendesha. Niambie kweli, nitakupata?"

Mkwe aliona aibu, hasa ile inayomfanya mtu ajifanye anatafuta kitu chini. Akangoja mke aingie ndani. Akalegeza skrubu, akabandua utepe, akakaza tena mpaka akasikia rangi inakwaruzika na chuma kinashikwa. Akaenda chumbani akaomba rangi ya kucha ya mkewe, akapaka pembeni pasije pakaota kutu.

"Utanipata," akamwambia.

Kesho yake alivuka kilima. Kimya. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kifungo cha shati.

"Mkwe! Umeshavuka?"

Sauti ilikuwa safi, utadhani mama amekaa kiti cha nyuma, amepakata sufuria.

"Nimevuka, mama. Naomba umpe mwenzangu niseme naye kidogo."

"Redio nimeihamishia chumbani kwangu. Sebuleni watoto wa majirani wataichezea. Mlango nimefunga, ufunguo ninao. Una neno gani naye? Niambie mimi, nitamfikishia."

"Mama, na akishikwa na uchungu?"

"Nitaangalia mimi kama ni uchungu au ni kudeka. Usisahau mkaa."

Mkwe akasimamisha gari. Akazunguka nyuma na bisibisi, akainama kwenye kibano. Skrubu mbili tu. Mzunguko mmoja mmoja, na kilima kingerudi kuwa kilima. Kisha akamwona mkewe akilini mwake, ameshika ukuta mbele ya mlango uliofungwa, anamsihi mama yake abonyeze kitufe. Uchungu ule, siku ukija, ulikuwa na njia moja tu ya kumfikia, na njia yenyewe ni mdomo uleule aliokuwa akiukimbia.

Akaigusa skrubu ya kwanza. Ilikuwa imekaza. Akaigusa ya pili. Hii ilikuwa imelegea kidogo kwa mashimo ya njiani, akaikaza.

"Mkwe! Mbona kimya?"

Akaingia ndani ya gari, akafunga mlango.

"Nipo, mama," akasema. "Nakusikia vizuri kabisa."